Kwa mnaoanza kupima kemikali za bangi kwenye minyoo wa maabara

Kabla hujampa mnyoo hata tone moja la CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, mzoee kwanza akiwa hajapewa kitu. C. elegans, mnyoo wetu wa maabara, ana urefu wa milimita 1 hivi, mwili wake unapitisha mwanga, na katika nyuzijoto 20 hutoka yai hadi utu uzima kwa siku 3 au 4. Mkalie kwenye hadubini mpaka uujue mwendo wake na jinsi koo lake linavyofumba na kufumbua anapomeza bakteria. Usipoyajua hayo, utamkuta ametulia penye chakula kisha uandike kwamba dawa imemlegeza.

CBD na THC (ile kemikali ya bangi inayolevya) hupenda mafuta, hazichangamani na maji. Ndiyo maana huyeyushwa kwanza kwa ethanoli au DMSO, ambavyo ni viyeyusho. Sasa, minyoo wako wa kulinganishia wapate kiyeyusho hichohicho, kiasi hichohicho. Ukiwapa maji matupu, hutajua kilichowadhuru wenzao ni CBD au ni ethanoli. Ikague na agari pia, yaani ile jeli ya sahani wanamoishi minyoo: ukiona vichembe vyeupe, kemikali imejitenga, na kipimo ulichoandika daftarini sicho kilichomfikia mnyoo.

Jambo ninalowasisitizia kuliko yote ni chakula. Ngozi ya nje ya mnyoo huyu hupitisha dawa kwa shida, kwa hiyo sehemu kubwa huingia kinywani pamoja na bakteria wa E. coli anaowala. Dawa ikiwadhoofisha bakteria, au ikimfanya asusie, atashinda na njaa. Na C. elegans anayekula kidogo huishi muda mrefu zaidi! Unaweza kushangilia kwamba CBD imerefusha maisha, kumbe ni njaa. Hesabu mipigo ya koo, kisha rudia jaribio kwa bakteria waliokwisha kuuawa.

Halafu uliza dawa inapitia wapi. Mnyoo hana CB1 kama yetu, yaani kipokezi cha seli ambacho THC hukishika, ila ana kipokezi cha NPR-19 kinachofanya kazi inayofanana. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walionyesha kuwa minyoo waliolowekwa kwenye anandamidi, kemikali ya mwilini inayofanana kiutendaji na THC, walizidi kukimbilia chakula wanachokipenda. Jeni ya NPR-19 ilipoharibiwa, hali hiyo ikatoweka. Walipowekewa CB1 ya binadamu, ikarudi. Huo ndio ushahidi wa kuutafuta. Agiza minyoo wasio na jeni hiyo mapema, na kibali cha kemikali zenyewe ukiombe mapema vilevile.

Na mkulima wa nyanya akikuuliza kama anyunyizie maji ya bangi dhidi ya minyoo fundo, wale wa udongoni wanaoivimbisha mizizi, usimpe matokeo ya sahani za maabara kama jibu. Udongo wenye mboji hunasa kemikali za mafuta, na mizizi ya bangi yenyewe hushambuliwa na minyoo fundo haohao.