Blogu ya Kuandaa Nyumba za Kuuzwa: Mwandikie Mwenye Nyumba, Usimwandikie Mpambaji Mwenzako

Makala ya kwanza niliyoweka kwenye blogu yangu ilihusu rangi za mito ya makochi. Niliihangaikia siku tatu. Waliosoma walikuwa wapambaji wenzangu, wakanisifu sana, na hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kunipa kazi. Nikaandika nyingine tano za namna hiyo hiyo.

Ya saba ilikuja yenyewe. Mama mmoja alinisimamisha mlangoni kwake, nyumba imeshakaa sokoni miezi kadhaa, akaniambia: "Mwanangu, watu wanakuja, wanaangalia, wanaondoka. Nyumba yangu ina nini?" Nilimjibu palepale. Kwanza harufu, maana mwenye nyumba ameizoea na haisikii tena. Halafu giza la sebuleni, kwa sababu pazia zito lilikuwa limefungwa mchana kutwa. Halafu wingi wa vitu. Jioni ile niliandika jibu lile lile nililompa, kwa maneno yale yale, na kichwa cha habari kikawa swali lake. Hiyo ndiyo iliyoniletea mteja wa kwanza ambaye hakuwa ananijua, wala hakuwa anajuana na mtu ninayemjua.

Tangu hapo naandika nikimfikiria mtu mmoja tu: mwenye nyumba anayetaka kuuza na amekwama. Mengine yote nitakayoyasema hapa yanatoka kwenye uamuzi huo.

Wenye nyumba wengi hawajui hata kama kazi yetu ina jina. Anayetajwa kuwa ndiye aliyeianzisha ni Barb Schwarz wa Marekani, mwaka 1972, na jina la kazi hiyo kwa Kiingereza, "home staging", limetoka kwenye jukwaa la maigizo: unaiandaa nyumba kama unavyoandaa jukwaa kabla watazamaji hawajaingia. Sisi tulio ndani ya kazi tunalitumia jina hilo kila siku. Mtu aliyekwama na nyumba yake halitumii. Yeye anaandika kwenye Google, "kwa nini nyumba yangu haiuziki", au "nipake rangi kabla ya kuuza?" Ukijaza blogu maneno ya kitaalamu, mtu huyo hatakuona hata kama jibu lake unalo.

Kwa hiyo nunua daftari dogo, litembee na wewe. Kila mteja anapouliza kitu, liandike swali kama lilivyotoka mdomoni mwake, usilisahihishe. Langu lina maswali kama haya: Nipake rangi kwanza au nipunguze vitu kwanza? Nyumba tupu huuzika upesi kuliko yenye fanicha? Ninaishi humu na watoto watatu, nitaiwekaje tayari kila siku kwa wageni wasiotoa taarifa? Chumba hiki cha mwisho ni kidogo, nikiite ofisi au chumba cha kulala? Kila swali ni makala moja, na swali lenyewe ndilo kichwa cha habari. Sijawahi kukosa cha kuandika tangu nilipoanza daftari hilo.

Nitaieleza moja kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyosambazwa kuliko zote. Kulikuwa na chumba ambacho kila mnunuzi alisema hakitoshi kitanda kikubwa. Kilikuwa kitupu, na chumba kitupu humdanganya mtu: jicho halina cha kupimia, basi huishia kuhesabu nyufa na madoa ya ukutani. Nilichukua tepu ya kubandika, nikapima kitanda cha upana wa sentimita 150 kwa urefu wa 200, nikakichora sakafuni kwa tepu hiyo. Nikabandika na meza mbili ndogo za pembeni. Nikasimama mlangoni, nikapiga picha. Siku iliyofuata tukaleta kitanda chenyewe, nikasimama palepale, nikapiga ya pili. Makala haikuwa na zaidi ya picha hizo mbili na aya sita. Lakini mtu yeyote aliyeitazama ile ya tepu alielewa jambo ambalo ningelieleza kwa kurasa mbili asilielewe. Wengine waliniandikia kwamba walichomoka mezani wakaenda kupima vyumba vyao kwa tepu.

Hapo ndipo penye nguvu ya kazi yetu mtandaoni. Tuna kitu cha kuonyesha. Ila picha za "kabla" na "baada" zina heshima yake, na wengi wanaivunja. Simama mahali pamoja. Mimi hubandika alama ya tepu sakafuni siku ya kwanza, naiacha hadi siku ya kukabidhi kazi. Shika simu usawa wa kifua, kingo za kuta zisimame wima. Piga saa ile ile ya mchana. Nimeona picha za "kabla" zilizopigwa usiku kwa makusudi, taa zimezimwa, ili za "baada" zing'ae. Msomaji analijua hilo hata asipoweza kulitaja, na akishakushuku kwenye picha hatakuamini kwenye hesabu. Angalia na balbu: ukichanganya ya manjano ya Kelvin 2,700 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga) na nyeupe ya 6,500 kwenye chumba kimoja, ukuta mmoja utatoka na rangi mbili. Chagua aina moja ya balbu, au zima zote utumie mwanga wa dirisha.

Kabla ya kuzipandisha, zipunguze uzito. Picha ya simu ya kawaida huwa na megabaiti kadhaa, na ukiweka kumi na mbili za namna hiyo, msomaji mwenye intaneti ya kusuasua ataondoka kabla hajaona hata moja. Mimi huzishusha hadi upana wa pikseli 1,600 na uzito usiozidi kilobaiti 300, na sijawahi kusikia mtu analalamikia ubora. Kila picha ipe jina linaloeleweka badala ya namba iliyotoka kwenye kamera, na ujaze ile nafasi ya maelezo ya picha: "sebule baada ya kuondoa kabati moja na kufungua pazia". Maelezo hayo humsaidia msomaji asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu, na Google nayo huyatumia kujua picha inahusu nini.

Sasa niseme jambo lililoniumiza. Wakati fulani nilipandisha picha za "kabla" wiki ileile nyumba ilipoingia sokoni. Nilikuwa nimefurahia kazi, sikungoja. Mnunuzi aliyekuwa tayari kutoa ofa alizikuta, akaja kwa mwenye nyumba ameishika simu mkononi, akamwonyesha ukuta uliokuwa na unyevu kabla hatujautengeneza, akataka bei ishuke. Ukuta ulikuwa umetengenezwa vizuri na mwenye nyumba hakuficha kitu, lakini picha ile ilikuwa imeshaingia kichwani mwa mnunuzi. Niliiondoa dakika ileile, nikaomba radhi, na mwenye nyumba alinisamehe kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo sipandishi chochote cha nyumba ya mtu mpaka mauzo yamekamilika na ruhusa ipo kwa maandishi. Hata kama itachukua mwaka.

Ruhusa yenyewe ieleze wazi: picha zipi, wapi, na kwamba anaweza kuibatilisha. Halafu kagua picha moja moja kama mgeni mwenye nia mbaya. Funguo zilizoning'inia ukutani zinaweza kuchongwa nakala kutokana na picha iliyo wazi. Dawa kando ya kitanda, vyeti ukutani, sura za watoto, kalenda yenye tarehe za safari, vyote vitoke. Na picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali zilipopigwa, kwa vipimo vya GPS. Vifute kabla ya kuzipandisha. Kama picha zimepigwa na mpigapicha aliyeletwa na dalali, usizichukue tu kwa kuwa kazi iliyomo ni yako. Katika nchi nyingi hakimiliki ni ya aliyepiga, isipokuwa mkataba useme vingine. Muulize, na ukikubaliwa mtaje jina.

Kuhusu kuitangaza blogu, nitaanza na watu kabla ya mitandao. Madalali ndio wasambazaji bora niliowahi kuwapata, na sababu ni ya kibinadamu kabisa. Dalali anaona sebule imejaa makochi, anajua yanaharibu mauzo, lakini anaogopa kumwambia mteja wake moja kwa moja asije akamkasirisha. Makala yako inamsaidia kulisema bila yeye kulisema. Nilipoelewa hivyo nilianza kuwaandikia makala kwa kusudi hilo: fupi, za upole, zisizomdhalilisha mwenye nyumba, zinazofunguka vizuri ndani ya WhatsApp. Dalali mmoja huituma ile ya harufu kwa karibu kila mteja mpya. Hanidai chochote, wala mimi simdai.

Kwenye mitandao ya picha, jua kila mmoja unafanya nini. Instagram inakupa macho mengi, lakini kiungo ukikiandika kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki, kwa hiyo watu wanapenda picha na kupita. Pinterest ni tofauti: kila picha inaweza kubeba kiungo cha ukurasa wako, na watu huingia pale wakitafuta jinsi ya kufanya jambo. Makala zangu za zamani bado zinaletewa wasomaji kutoka huko. Fungua pia wasifu wa biashara kwenye Google, ni bure, uweke humo picha na kiungo cha blogu. Na usinunue viungo wala wafuasi. Google wanakataza wazi ununuzi wa viungo kwa ajili ya kupandisha ukurasa, na wafuasi wa kununua hawana nyumba za kuuza.

Kitu kimoja ambacho ningependa ningekijua mapema ni Google Search Console. Nayo ni bure. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakakutana na ukurasa wako. Mimi huifungua mara moja kwa mwezi na daftari likiwa kando. Niligundua humo kwamba watu walikuwa wanafika kwenye makala ya sebule wakitafuta habari za korido nyembamba, neno nililolitaja mara moja tu. Nikaandika ya korido peke yake. Usitegemee kuona mabadiliko ndani ya wiki. Mara nyingi ni miezi, na wengi hukata tamaa katika mwezi wa tatu, wakati kazi inaanza kushika.

Ratiba iwe ile utakayoiweza ukiwa na nyumba mbili za kukabidhi kwa pamoja. Yangu ni makala mbili kwa mwezi. Niliwahi kujaribu mbili kwa wiki, nikaishia kuandika vitu nisivyoviamini. Blogu ikilala mwaka mzima, mwenye nyumba anayeifungua atadhani umeacha kazi, na ana haki ya kudhani hivyo. Kila baada ya miezi mitatu mimi hupitia za zamani: viungo vilivyokufa naviondoa, ushauri nilioubadilisha naurekebisha na kuandika tarehe ya marekebisho. Makala ya harufu nimeirekebisha mara nne. Mwanzoni nilishauri mishumaa yenye manukato, kisha nikaona wanunuzi wanauliza ni nini kinafichwa. Sasa nashauri madirisha yafunguliwe, mazulia yaoshwe, na chumba kiachwe bila harufu yoyote.

Kuandika kwenyewe nafanya jioni ya siku ninayokabidhi nyumba, hata kama itachapishwa miezi sita baadaye. Siku hiyo bado nakumbuka kabati lilivyogoma kupita mlangoni, na alichosema mwenye nyumba alipoingia akakuta chumba chake mwenyewe kimebadilika. Naandika kwanza swali lake, halafu nilichokikuta, nilichokiondoa, nilichokiacha na kwa nini. Picha naziweka kwenye faili moja na maandishi hayo, pamoja na karatasi ya ruhusa. Kisha nangoja simu ya dalali aniambie nyumba imeuzwa.