Zaka kwa majirani wakimbizi waliofungiwa mlango

SWALI: Assalaam alaykum ustadh. Mimi ni mama wa Pumwani, nauza nguo Eastleigh. Kwenye ploti yetu familia mbili za wakimbizi zimefungiwa milango kwa kodi. Moja ni ya Waoromo, Waislamu. Nyingine ni ya Wakongo, Wakristo, na mtoto wao anaumwa. Karatasi zao hazijakamilika. Zaka yangu huitoa Ramadhani, na Ramadhani iko mbali. Naweza kuitoa sasa, niwanunulie unga na mafuta, na niwalaze kwangu? Mume wangu anasema Mkristo hapewi zaka, na kwamba tutashikwa.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mama, anza na mtoto. Mpeleke hospitali leo hii, kisha urudi kwenye haya mengine. Kumwokoa aliye hatarini ni wajibu wa kila aliyemwona na ana uwezo, na wajibu huo hauangalii dini yake wala hausubiri zaka.

Kuhusu zaka, mumeo amesema kweli, ila ameishia njiani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, asiyekuwa Muislamu hapewi zaka ya faradhi. Lakini sadaka, yaani ile ya hiari, anapewa, tena kwa thawabu. Mama yake Asmaa bint Abubakar alimjia Madina akiwa bado mshirikina, Asmaa akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amtendee wema, akaambiwa ndiyo. Soma pia katika Qurani, Al-Mumtahina aya ya 8. Kwa hiyo Waoromo wape kutoka kwenye zaka, Wakongo kutoka kwenye sadaka, na hesabu hiyo ibaki kwenye daftari lako. Hakuna haja ya wao kujua pesa zimetoka fungu gani.

Kutanguliza zaka kunafaa, maadamu mali yako imeshafika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na mwaka wake umeanza kuhesabiwa. Mtume (s.a.w.) alimruhusu ami yake Abbas kuitoa kabla ya wakati. Andika ulichotoa, ukipunguze Ramadhani. Wapo wanaobishana kama mkimbizi anaingia kwenye fungu la msafiri aliyekatikiwa na njia, mojawapo ya mafungu ya wanaostahili zaka. Ni mjadala mzuri wa darasani, lakini mtu aliyefungiwa mlango na watoto hawajala ni fakiri, na fakiri ndiye wa kwanza kutajwa katika At-Tawba aya ya 60.

Unga na mafuta ndipo wengi wetu hapa Nairobi tunapoteleza, na kila Ramadhani naona foleni za vifurushi na kamera juu. Kwa Shafi, zaka ya pesa hutolewa pesa, ikafika mkononi mwa mwenyewe, au kwenye M-Pesa yake. Huenda mama yule unga anao, anachokosa ni gesi au nauli ya kwenda kliniki. Akikuambia mwenyewe "ninunulie," hapo umekuwa wakili wake na hakuna tatizo. Sadaka haina sharti hilo, toa hata sufuria ya pilau.

Kushikwa: mimi si mwanasheria. Ninachojua ni kwamba Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtambua anayeomba hifadhi, na inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Usiwafiche, wasindikize kwenye idara ya serikali ya wakimbizi waandikishwe.

Kuwalaza ni jambo jingine. Zaka ni mali yako, huhitaji ruhusa ya mumeo kuitoa. Kumwingiza mtu nyumbani mwa mumeo kunahitaji ridhaa ya mumeo. Zungumza naye polepole, pengine atakubali akina mama na watoto. Akikataa, iombe kamati ya msikiti chumba cha madrasa kwa siku chache.

Baba wa Kioromo ana deni la kodi, na mwenye deni naye ana fungu lake katika zaka. Kwa idhini yake unaweza kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Na mwenye nyumba akiwa Muislamu, mwendee pamoja na imamu wa mtaa, bila kelele, mumsomee Al-Baqara aya ya 280: mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muda mpaka afarijike.