Gauni la jina kubwa au gauni la lebo yako? Ushauri kwa wenye maduka ya maharusi Kusini

Kila msimu wa korosho, zao linaloleta fedha za harusi huku kwetu Mtwara, unapokaribia, wenzangu wenye maduka ya maharusi huniuliza swali lilelile: fedha niliyonayo ninunue magauni ya wabunifu wenye majina, au niwape mafundi wanishonee yenye lebo ya duka langu? Jibu langu halijabadilika. Fedha nyingi iende kwenye lebo yako. Magauni ya wabunifu yawe machache, yawe ya kukodisha, na kila moja uwe na sababu ya kulinunua.

Najua jibu hili haliwapendezi wote. Bi harusi wa siku hizi anaingia dukani na simu mkononi, picha ya gauni la Pronovias au Maggie Sottero imeshafunguliwa, na mwenye duka anaona bila majina hayo hana biashara. Tupige hesabu. Chukua mfano wa gauni la mbunifu lililokufikia Mtwara kwa shilingi 2,500,000, ushuru na usafiri vikiwemo. Unalikodisha kwa 300,000. Dobi na fundi wa marekebisho wanachukua 20,000 kila linaporudi. Lazima walivae maharusi tisa ndipo uanze kuona faida.

Dar es Salaam maharusi tisa si wengi. Hapa kwetu binti akiolewa Shangani, watu wa Chikongola na Ligula wameshaliona gauni kwenye stetasi za WhatsApp kabla sherehe haijaisha. Likishavaliwa mara tatu, maneno yanaanza: "Hili si lile alilovaa binti wa mwalimu?" Bi harusi akisikia hivyo, halivai hata ukimpunguzia nusu ya bei.

Kwa hiyo gauni la mbunifu mimi silipangi kuwa la mji mmoja. Linatumika Mtwara, linakwenda Masasi kwa mwenzangu tunayeaminiana, kisha Lindi, kisha Nachingwea, tunagawana kodi. Nachagua umbo lisilopitwa na wakati haraka: kiuno kilichobana, sketi inayofunguka taratibu, lesi isiyo na makeke. Na mgongoni liwe na kamba. Gauni la zipu linamtaka mwenye saizi yake tu, lakini la kamba unalikaza kwa mwembamba na kulilegeza kwa mnene, likamkaa kila mmoja vizuri. Tena zipu na vishikizo vya chuma kwa hewa yetu ya bahari havichelewi kushika kutu, na kutu ikigusa satini nyeupe umelipoteza gauni. Usiyafunge kwenye plastiki. Shona mifuko ya kitambaa cha marekani ambacho hakijatiwa rangi, ili gauni lipate hewa.

Ukitaka kuingia mkataba na kampuni yenyewe badala ya kununua gauni mojamoja, soma masharti mpaka mwisho. Kwa kawaida wanataka ununue idadi fulani ya sampo, yaani magauni ya kujaribishia wateja dukani, kila toleo jipya linapotoka, na gauni likiagizwa huchukua miezi minne mpaka sita kufika. Sasa mkulima wa Tandahimba au Newala mwezi Juni hajui kama Desemba atamwozesha binti yake kwa sherehe kubwa au ndogo. Anajua mnada wa korosho ukishapita. Minada inaanza Oktoba, na bei ndiyo inayopanga ukubwa wa ukumbi, idadi ya sare na bei ya gauni. Oktoba 2024 korosho iliuzwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, na kamati za harusi zikapata nguvu. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kuzinunua yenyewe kwa 3,300 na kuwatumia wanajeshi kuzisomba, malipo yaliwachelewa wakulima wengi. Mwenye duka aliyejaza magauni ya kuagizwa kwa mkopo katika mwaka wa namna ile anapata shida ambayo hakuisababisha yeye.

Lebo yako inakupa nafasi ya kufuata mfuko wa mteja. Mimi naweka vitambaa, lesi na neti stoo, baadhi ya magauni yakiwa yamekatwa na kuunganishwa bila kumaliziwa. Mnada ukiwa mzuri, tunaongeza shanga, tunarefusha mkia, tunatengeneza veli ndefu. Ukiwa mbaya, gauni lilelile linatoka likiwa rahisi, zuri, la bei ambayo familia itaimudu. Na barabara ikiharibika hukwami. Mei 2024, baada ya mvua za kimbunga Hidaya, njia ya Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga. Mzigo wa mjini haukupita, lakini cherehani za hapa ziliendelea kufanya kazi.

Halafu kuna miili yetu na desturi zetu, na hapa ndipo naipenda lebo ya duka kwa moyo wote. Magauni mengi ya wabunifu hukatwa mabega wazi, na saizi zake ni ndogo kuliko saizi za nguo za kawaida; anayevaa 12 anaweza kuhitaji 16. Bi harusi wa ndoa ya Kiislamu anataka mikono mirefu na kifua kilichofunikwa. Wa kanisani naye mara nyingi ameshaambiwa mabega wazi hayapiti. Ukianza kubandika mikono kwenye gauni ambalo halikukatwa kwa ajili ya mikono, kwapa linavuta, kifua kinapanda, na kwenye picha inaonekana. La kwako unalikata tangu mwanzo kwa nyonga za mabinti wetu, unaacha sentimita tatu za mshono kila upande za kulegeza, na bitana ya mikono unaiweka pamba nyepesi, maana joto la Desemba hapa si la kufanyia mzaha. Kabla sijalikubali gauni kutoka kwa fundi, namvalisha mtu. Anainua mikono yote miwili kama anayecheza ukumbini, anaketi, anapiga magoti kama anayesalimia wakwe. Likilia kwenye mshono, linarudi.

Unaweza pia kuagiza magauni ya lebo yako kiwandani China. Mji wa Suzhou unajulikana kwa soko lake la nguo za harusi. Bei inavutia, lakini agiza moja kwanza, likague ndani na nje, ndipo uongeze. Rangi ya picha si rangi ya kitambaa.

Jambo ambalo nalisema kwa ukali ni hili: usishonee jina la mbunifu kwenye gauni ambalo si lake. Kuna wanaofanya hivyo na kuwaambia wateja ni la Ulaya. Huo ni udanganyifu, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia. Shangazi au somo wa bi harusi akiniuliza, "Mwanangu, hili la nje?" namjibu, "Hapana shangazi, hili letu, limeshonwa hapahapa Mtwara. Shika lesi, ligeuze utazame ndani." Akina mama hawa wanajua kazi ya cherehani. Wakiona bitana imekaa na shanga zimefungwa fundo mojamoja, wanalipa. Jina lako liwe la kulindwa: lisajili BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Usajili wa kwanza unakaa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10.

Kuhusu mgawanyo, hesabu kwa shilingi, usihesabu henga. Mimi robo ya fedha ya magauni iko kwenye ya wabunifu, iliyobaki ni lebo yangu, na mwaka wa korosho mbaya ile robo naipunguza pia. Gauni la mbunifu lisilotoka msimu mzima naliuza, na mnunuzi namwambia limekodishwa mara ngapi.

Miezi ya ukimya ipangie mafundi. Mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja ya Februari, kwa hiyo harusi zilipungua kwa pamoja mpaka Idi na Pasaka. Huo ndio wakati wa kukata, kupima na kurekebisha saizi, na wa kuwalipa mafundi kazi ya kutwa ili wasikimbilie kwingine. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo tazama kalenda zote mbili kabla hujaagiza kitambaa.