Suit si suti peke yake

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo wanafunzi wangu huyapita haraka wakidhani wanayajua, "suit" ndilo ninalolirudia sana. Koti na suruali, au koti na sketi, vya kitambaa kimoja. Ukiongeza kizibao, vipande vitatu. Nani asiyeijua suti? Halafu mtu anafungua mkataba, anakuta "any suit, action or proceeding", na anashangaa nguo zimeingiaje humo.

Mwanafunzi mmoja aliniletea mkataba wa namna hiyo, neno amelipigia mstari mara mbili. Alitaka orodha ya maana akariri. Sikumpa, kwa sababu maana zilizokaririwa hivyo hazidumu kichwani. Nilimrudisha kwenye mzizi. Neno hili liliingia kwenye Kiingereza kupitia Kifaransa cha Wanormandi, walioiteka Uingereza mwaka 1066, na chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini sequi, yaani kufuata.

Anza na hapo. Wafuasi wa bwana mkubwa walivaa sare moja, na seti ya nguo zinazovaliwa pamoja ikarithi jina. Kumfuata mtu mahakamani kwa madai nako ni "suit", au "lawsuit". Mwanamume anayemfuatilia mwanamke kwa nia ya kumwoa ni "suitor". Kwenye karata, kopa, uru, shupaza na pau kila kundi ni "suit" yenye karata 13. Mwenzako akicheza kopa, nawe ukacheza kopa, umefanya "follow suit". Ndiyo maana habari ikisema benki moja imepunguza riba "and others followed suit", ujue nyingine zimefanya vivyo hivyo. "Strong suit" nayo imetoka mezani pa karata: ni lile jambo unaloliweza hasa.

"Suite", vyumba vinavyoandamana hotelini, ni ndugu yake, ila hutamkwa "swiit". Usiichanganye na "suit", inayotamkwa "suut".

Kwenye kitenzi ndipo ninapowasihi watu wasiharakishe. "The jacket fits you" inazungumzia kipimo: mabega yamekaa sawa, mikono haikupungua. "The jacket suits you" inasema limekupendeza. Koti linaweza kukuenea barabara na bado rangi yake isikufae hata kidogo. Jizoeze kusema sentensi zote mbili mbele ya kioo, kwa nguo ileile. Tofauti itakukaa kuliko kusoma kamusi.

Kuna moja inayohitaji uangalifu zaidi, "suit yourself". Ukiifasiri neno kwa neno utaiona ya upole, kama unamwambia mtu achague apendavyo. Lakini masikioni mwa wenye lugha mara nyingi inasikika kama "shauri yako", hasa ukiitamka kwa mkato baada ya mtu kukataa ushauri wako. Kwa rafiki mnayetaniana haina neno. Kwa mteja, mkubwa wako wa kazi au mtu mliyekutana leo, iache kabisa. Mwambie "whatever suits you best", na ukipanga miadi, mwandikie "Would Tuesday suit you?" Ni Kiingereza cha adabu, na kinafaa kwenye barua pepe ya kazi kama kinavyofaa kwenye simu.