Insha ya mwanafunzi ikidaiwa kuandikwa na akili mnemba, mwalimu afanyeje?

SWALI: Ninafundisha historia sekondari, darasa la wanafunzi 40. Niliwapa insha ya nyumbani kuhusu vyanzo vya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nyingine zimerudi zimenyooka mno hata nikaingiwa na shaka. Nilizipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi ya akili mnemba, nayo ikasema insha ya binti mmoja ni kazi ya mashine kwa asilimia 92. Binti analia, anaapa kaandika mwenyewe. Mkuu wa shule anataka nimpe sifuri na kumwita mzazi. Je, niiamini programu hiyo? Na simu na vishikwambi tuvipige marufuku kabisa darasani?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hiyo sifuri isubiri kwanza, na mzazi asiitwe bado.

Programu hiyo haijui nani kaandika. Kwa kiasi kikubwa inachopima ni jinsi maneno yanavyotabirika. Akili mnemba inayoandika hufanya kazi kwa kukisia neno gani linafaa kufuata jingine, kwa hiyo maandishi yake hutiririka pasipo kushtua. Mtambuzi akikuta maandishi ya namna hiyo, hunyoosha kidole. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anayeandika kwa lugha aliyojifunza shuleni naye hutumia maneno ya kawaida katika mpangilio wa kawaida. Vivyo hivyo yule aliyekaririshwa muundo mmoja wa insha miaka yote: utangulizi, hoja tatu, hitimisho. (Na aliyewakaririsha ni nani, kama si sisi?)

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za aina hii kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, nayo ilitoa mtambuzi wake Januari 2023. Kwa vipimo vyake yenyewe, ilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, huku ikisingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Ilipofika Julai wakaiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Sasa piga hesabu kwa darasa lako: hata kama wote 40 wameandika kwa mikono yao, kiwango hicho cha makosa kingekuletea watatu au wanne wanaolia kama huyo binti.

Nasema haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Nilipokuwa bado nafundisha nilimwita kijana mmoja mwizi mbele ya wenzake kwa sababu ya alama nyekundu kwenye kioo cha kompyuta. Wiki mbili baadaye alinionyesha daftari lenye rasimu tatu, zimekatwakatwa na kuandikwa upya. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile, lakini hakuninyooshea mkono tena kujibu swali hadi mwaka ukaisha.

Njia ya kumjua mwandishi ni kuongea naye. Kaa na binti dakika tano, bila mkuu wa shule, insha ikiwa mezani. Muulize kwa nini alianza na mashindano ya silaha na si mauaji ya Sarajevo. Muulize neno fulani gumu alilolitumia lina maana gani pale. Muulize hoja gani aliifikiria akaiacha. Aliyeandika mwenyewe atababaika kwenye tarehe, ila ataeleza alichokuwa anakitafuta. Aliyenakili mara nyingi atakurudishia sentensi zile zile, au atanyamaza. Kama aliandika kwenye hati ya mtandaoni, mwombe pia afungue historia ya marekebisho: insha iliyokua kidogo kidogo kwa siku tatu si sawa na iliyotua nzima kwa sekunde moja. Hata hivyo, historia hiyo peke yake isiwe hukumu, kwani wapo wanaoandika kwenye karatasi kisha wakanakili kazi safi.

Lakini hata ukilimaliza la binti, insha ya nyumbani ya namna ile haina tena maisha marefu. Swali la jumla, jibu la jumla, wiki nzima bila kuonwa: mashine inalimaliza kabla chai haijapoa. Mimi ningegeuza mpangilio. Dakika 20 za mwanzo darasani, kalamu na karatasi, kila mmoja aandike hoja yake na sababu moja. Karatasi hizo zikusanywe. Kifaa kiingie baadaye, nacho kiingie kwa kazi maalumu.

Kuna ushahidi wa jambo hili. Katika shule moja ya sekondari nchini Uturuki, wanafunzi karibu 1,000 walifanya mazoezi ya hisabati katika makundi matatu. Waliopewa akili mnemba ya kawaida walifanya mazoezi vizuri kwa asilimia 48 kuliko wasiopewa. Ilipoondolewa siku ya mtihani, walianguka chini ya hao wasiowahi kuigusa kwa asilimia 17, na wao wenyewe hawakuhisi kwamba wamejifunza kidogo. Kundi la tatu lilipewa mashine iliyoelekezwa na walimu itoe vidokezo bila kutoa jibu. Hao hawakuanguka hivyo.

Kwa hiyo wape wanafunzi wako agizo la kuiandikia mashine, kwa mfano: “Usiniandikie insha. Nitakupa hoja yangu. Niulize swali moja moja linaloonyesha udhaifu wake.” Siku nyingine chukua aya iliyoandikwa na mashine, waambie kuna mahali imepotoka, wasake kwa kitabu cha kiada. Mashine hizi hubuni tarehe na hata majina ya vitabu kwa sauti ya kujiamini kabisa, na wanafunzi hufurahia sana kuiumbua. Kifaa kimoja cha mwalimu kinatosha. Hata ukisoma aya hiyo kwa sauti inafaa.

Kuhusu marufuku: sipendi marufuku ya jumla, wala sipendi simu kukaa juu ya madawati. Katika PISA ya 2022, tathmini ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15, takribani asilimia 65 ya wanafunzi wa nchi za OECD, umoja wa kiuchumi ambao wanachama wake wengi ni nchi tajiri, walisema vifaa vya kidijitali huwaondoa kwenye somo katika angalau baadhi ya vipindi vya hisabati. Viwekwe sehemu moja, vitoke ukivihitaji, virudi kazi ikiisha. UNESCO katika mwongozo wake wa 2023 imependekeza umri usiopungua miaka 13 kwa kutumia zana hizi darasani, kwa hiyo kwa wadogo zaidi mwalimu azitumie yeye. Na tafadhali usiingize humo majina wala alama za wanafunzi. Insha zile 40 ulizozipitisha kwenye programu, kama zilikuwa na majina, kaangalie kama kuna namna ya kuzifuta.

Kwa mkuu wa shule, mpelekee hesabu ile ya watatu au wanne kwa kila 40, kisha mwombe siku mbili za kuongea na binti. Akieleza hoja zake, msahihishie insha kama ya mwanafunzi mwingine yeyote, na umwambie kwa kinywa chako kwamba ulimshuku. Akishindwa, mpe swali jipya aandike darasani, na alama zitoke hapo.