Kioo changu hakikuwa kibovu: kwa wenzangu wenye darubini kubwa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Ameunda darubini ya kioo cha milimita 300, amefuata kila hatua, mwanga wa leza (kifaa cha kupangia vioo vitazamane sawasawa) unarudi pale pale ulipotoka, lakini kila nyota ina mkia kama kiluwiluwi. Akamalizia hivi: "Mukubwa, nimeuziwa kioo kibovu. Namtafuta aliyeniuzia." Nilisoma mara mbili, tumbo likanikaza. Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, nikamtumia mtu asiye na kosa.

Kwa hiyo leo naandika kwa ajili yake, na kwa wewe pia, kwa sababu najua unachokitaka. Unataka kuiona Omega Centauri, lile kundi la nyota linaloonekana kama doa la ukungu, ikigawanyika machoni pako kuwa nyota elfu na elfu, na huwezi kuridhika na mrija mdogo wa kutazamia mwezi. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kioo changu nilikinunua kwa mtu wa Johannesburg, kikiwa kimeshatumika. Kipenyo chake milimita 406, unene 40, uzito zaidi ya kilo 11. Kioo cha ukubwa huo kinakusanya mwanga zaidi ya mara 3,000 kuliko mboni ya jicho iliyopanuka gizani. Kilikuja kwa barabara kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, kimefungwa blanketi mbili ndani ya kasha la mbao. Mimi na mdogo wangu tulikibeba kutoka kwenye gari kama watu waliobeba mtoto mchanga. Miezi ya mbao sitaisimulia: plaiwudi, gundi, fundi seremala wa Katuba mwenye mkono mtulivu, mabomba manane ya alumini ya kushikilia sehemu ya juu. Muundo ni ule wa John Dobson, mtawa wa San Francisco aliyekuwa akiunda darubini kubwa kwa vifaa vya kuokoteza na kuziweka kando ya barabara ili wapita njia watazame bure. Mtu yeyote mwenye msumeno anaweza kuunda sanduku hilo, kwa hiyo mbao zisikutishe.

Kosa langu lilifanyika usiku ule ule kioo kilipofika.

Katikati ya kioo kikuu unabandika pete ndogo ya karatasi, kama zile za kuimarisha matundu ya karatasi za faili. Haiharibu picha, kwa sababu ipo ndani ya kivuli cha kioo kidogo cha juu, kile kinachopeleka mwanga kwenye lenzi. Lakini upangaji wote wa baadaye unaitegemea. Leza unaielekeza kwenye pete hiyo, na kioo kikuu unakigeuza kwa kuifuata hiyo hiyo. Umeme ulikuwa umekatika. Majirani walikuwa wamejaa uani, kila mmoja anataka kuona kioo kilichotoka Afrika Kusini. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikachukua rula ya shule ya binti yangu, nikapima mstari mmoja tu, nikatia alama ya kalamu, nikabandika pete. Kazi ya dakika mbili. Nakumbuka hata makofi yaliyopigwa.

Halafu ikaja miaka mitatu ya mateso.

Nilinunua leza. Nilijifunza kupanga vioo hadi naweza kupanga nimefumba jicho moja, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya Juni, maana nyinyi wa Lubumbashi mnajua usiku wa kiangazi unavyoshuka hadi nyuzi 8 hivi. Kila mara leza ilisema kila kitu kipo sawa. Kila mara nyota zilikuwa na mkia. Acrux, ile nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini ambayo ni nyota mbili zilizokaribiana, kwangu ilikuwa doa moja lililochakaa. Mwenzi wa Antares, nyota ndogo iliyo kando ya ile nyekundu, kwa umbali wa chini ya sekunde 3 za tao (sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), sikumwona hata siku moja, na Antares hapa kwetu inapita karibu na utosi. Hakuna mji wa Ulaya unaoipata hivyo.

Agosti 2022 vijana wa kanisa moja la hapa mjini waliniomba niwaonyeshe Zohali. Walikuja wengi, wadogo wakipanda juu ya kreti ya soda ili wafikie lenzi. Walichoona ni yai la manjano lenye ukungu. Watoto hawakusema kitu, watoto wana adabu. Lakini baba mmoja aliyevaa koti la suti aliinua kichwa kutoka kwenye lenzi, akatoa simu mfukoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya mstari: "Humu ndani ya simu naiona vizuri kuliko kwenye pipa lako." Walicheka. Nilifungua mabomba yangu manane moja moja mbele yao, nikapakia gari, nikaendesha hadi nyumbani bila kuwasha redio. Maneno hayo bado nayasikia, sitakudanganya.

Usiku huo ndipo nilipomwandikia yule mtu wa Johannesburg. Nilimwita mwizi. Alinijibu kwa upole kwamba kioo kile alikitumia miaka mingi bila tatizo, akanishauri nianze kukagua upya kutoka mwanzo. Sikumjibu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi tunaanguka. Leza haijui katikati ya kioo ni wapi. Inajua pale ulipoiambia ndipo katikati. Ukiweka pete kando, utapanga darubini yako kwa uangalifu mkubwa kuelekea mahali pasipo sahihi, na kadiri unavyozidi kuwa mwangalifu ndivyo unavyozidi kuamini kosa. Kioo changu kina urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 1,830 hivi, mara nne na nusu ya kipenyo. Kwa kioo kifupi namna hiyo, eneo ambalo picha inakaa safi kabisa halizidi milimita 2 kwa upana. Darubini ndefu, yenye fokasi mara kumi ya kipenyo, ina milimita 22. Pete ikikosea milimita 6, mhimili wa kioo unakosea nusu yake, milimita 3, pale kwenye fokasi. Maana yake ni kwamba nilikuwa natazama kila nyota kutoka nje ya lile eneo safi, usiku baada ya usiku, na leza ikiniambia hongera.

Wala si watu wa mtaani peke yetu. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichosuguliwa kwa ustadi wa ajabu, lakini kwa umbo lisilo sahihi, kwa sababu ndani ya kifaa cha kupimia kioo hicho lenzi moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Waliamini kipimo. Ilibidi wanaanga wapande hadi kule Desemba 1993 kuweka vifaa vya kurekebisha mwanga. Niliposoma habari hiyo niliweka simu chini nikakaa kimya muda mrefu.

Niligundua mwezi Mei mwaka huu, siku ya kuosha kioo. (Kuosha ni maji yaliyochujwa na tone la sabuni, kisha pamba ikipita bila kukandamizwa. Usifute vumbi kwa kitambaa kikavu kamwe, vumbi letu la kiangazi ni mchanga, litakwangua tabaka la alumini la kioo.) Pete ilibanduka kwa maji. Nikasema, basi safari hii nifanye kama mtu mzima. Nikatandaza gazeti, nikachora mzingo wa kioo, nikakata duara, nikalikunja mara mbili hadi likawa robo, nikakata ncha. Nikakunjua, nikalilaza juu ya kioo, ukingo kwa ukingo. Tundu la gazeti na alama yangu ya kalamu ya miaka mitatu havikukutana. Nilipima: milimita 6. Karibu upana wa penseli. Mke wangu alinikuta nimechuchumaa sakafuni nimeshika gazeti lenye tundu, akauliza kama nimepata habari ya msiba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na wa pili, na wa tatu: pima alama yako upya. Ipime kwa gazeti, si kwa rula. Kisha ligeuze gazeti robo mzunguko upime tena. Usiniambie ulishapima. Na mimi nilishapima.

Baada ya hapo mengine ni mafupi. Leza yenyewe ikague: piga misumari minne kwenye ubao ili ilale kama kwenye kitanda, imulike ukuta wa mbali, izungushe taratibu. Doa likichora duara ukutani, leza imepinda, irekebishe kabla ya kuitumia. Kisha hakikisha kioo kidogo cha juu kinaonekana duara kamili, katikati ya mrija wa lenzi. Kisha kwa skrubu tatu za kioo hicho kidogo peleka doa la leza ndani ya pete. Kisha nenda nyuma, zungusha skrubu za kioo kikuu hadi mwanga urudi ulikotoka. Unapogusa skrubu za juu, laza darubini, usiisimamishe, na spana ifunge kwa uzi kwenye kiganja chako. Spana ikikuponyoka darubini ikiwa imesimama, itatua mahali pamoja tu.

Jambo jingine lililonigharimu msimu mzima: vishikizo vitatu vya ukingoni. Nilivikaza kwa hofu ya kioo kuteleza, na nyota zikawa na pembe tatu. Kioo kinapaswa kupumzika, kisibanwe. Kati ya kishikizo na kioo acha nafasi ya unene wa kadi ngumu. Na toa darubini nje jua linapozama, usingoje saa tatu, kwa sababu kioo kinene chenye joto la mchana kinachemsha hewa mbele yake, na utamlaumu mtu wa Johannesburg bure.

Vijana wangu, tuna haraka mno. Tunataka kuonyesha kabla hatujakagua. Tunanunua kifaa cha pili kusahihisha kosa ambalo lipo kwenye kifaa cha kwanza. Na likitushinda, tunamtafuta mtu. Kulaumu ni rahisi, hakuhitaji spana. Mimi niliharibu jina la mtu mwema kwa sababu ya milimita 6 nilizozisababisha kwa mkono wangu mbele ya majirani waliokuwa wananipigia makofi. Kabla hujaandika ujumbe wa hasira, laza gazeti juu ya kioo. Kabla hujauza, laza gazeti. Nitalirudia hadi nichoke.

Usiku wa Ijumaa ya kwanza ya Juni tulikwenda nje ya mji, barabara ya Kipushi, mimi na mdogo wangu. Tuliweka darubini nyuma ya kichuguu kikubwa, kirefu kuliko gari, kinachokinga upepo. Mbabula, jiko letu la makaa, tuliiweka mbali, upande ambao upepo unapeleka joto lake kwingine. Nilipanga kwa pete mpya, dakika kumi. Kisha kipimo ambacho leza haiwezi kukidanganya: nyota yenyewe. Nilichukua lenzi yenye nguvu, nikaitoa nyota kidogo nje ya fokasi. Miaka mitatu yote duara zake zilikuwa zimesongamana upande mmoja kama watu waliokimbilia ukuta mmoja wa chumba. Usiku huo zilikaa moja ndani ya nyingine, na kivuli cha kioo kidogo katikati kabisa.

Acrux zilikuwa mbili, kali kama ncha za sindano. Tukangoja Antares ipande. Ilikuwa inatetema, rangi ya kaa la moto, kisha hewa ikatulia kwa sekunde chache, na pembeni yake nikaona nukta ndogo yenye rangi ya kijani hafifu. Mdogo wangu alitazama, akanyamaza, akasema, "Yaya," yaani kaka, "iko pale." Nilimwambia anielezee upande gani bila mimi kumwambia. Akasema upande ule ule.

Asubuhi yake, kabla ya chai, nilimwandikia mtu wa Johannesburg. Niliandika kila kitu: rula, tochi ya simu, milimita 6, na lile neno nililomwita. Nikamwomba msamaha. Alijibu jioni, mistari miwili: anafurahi kioo kiko salama, na je, nimeshaitazama nebula ya Tarantula nacho?

Huyo kijana wa Likasi nilimpigia simu, nikamwambia asimtafute mtu yeyote hadi Jumamosi. Alinung'unika kidogo, ana uhakika na alama yake, aliipima mwenyewe. Leo asubuhi, nikiwa katikati ya makala haya, amenitumia picha ya gazeti lililokunjwa robo, limelazwa juu ya kioo, na kidole chake kikionyesha tundu. Chini yake ameandika: "Milimita 4, mukubwa."