Kabla ya Kyalami kulikuwa na East London

Mkuu, umeuliza kama Grand Prix ya Afrika Kusini, yaani mbio za magari, ilikuwa Kyalami, karibu na Johannesburg, tangu mwanzo. Hapana. Ilianza 1934 mjini East London, pwani kabisa, kwenye barabara za kawaida, na Whitney Straight akashinda. Baadaye ukajengwa palepale mzunguko mfupi zaidi. Hapo ndipo Graham Hill alipotwaa ubingwa wa dunia wa Formula One Desemba 1962: Jim Clark alikuwa anaongoza, gari likavuja oili, akatoka.

Kyalami ilipokea kijiti 1967, na mbio za mwaka huo hunigusa kuliko zote. John Love wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, aliongoza na gari lake kuukuu aina ya Cooper hadi ikabaki mizunguko michache tu. Akalazimika kuingia kuongeza mafuta! Pedro Rodríguez akampita, Love akamaliza wa pili. Alistahili ushindi ule.

Tangu mbio hizo ziingie kwenye ubingwa wa dunia, mwenyeji aliyeshinda ni Jody Scheckter peke yake, 1975.

Mwaka 1985 timu za Renault na Ligier zilisusia kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na zilifanya jambo la haki. Mbio zilirudi 1992 na 1993 tu, kwenye Kyalami iliyobadilishwa sana.